Mafuta Yakisumbua Kwenye Ndege Ndogo ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa na Pwani

Majibu haya yanahusu ndege ndogo kongwe zenye injini ya pistoni na kabureta: Piper J-3 Cub, Cessna 120 na 140, Cessna 150 za mwanzo, Tiger Moth na nyingine za rika hilo. Nyingi hazina hata pampu. Mafuta hushuka yenyewe kutoka tangini hadi kwenye injini, kama maji ya tangi lililo juu ya nyumba. Kwa kuwa mfumo ni mwepesi hivyo, watu hudhani hauna cha kuharibika.

Mwenye ndege au rubani anaweza kutoa maji, kutazama, kunusa, kupima na kuandika alichokiona. Kufungua paipu, vali au kabureta ni kazi ya injinia mwenye leseni ya KCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya), na kazi hiyo iandikwe kwenye daftari la ndege. Majibu haya yakipingana na kitabu cha ndege yako, fuata kitabu.

Injini inakatakata. Nianze na kabureta?

Hapana. Kabureta ndiyo huguswa kwanza kwa sababu iko karibu na mkono, na ndiyo huharibiwa na waliokuja kuitengeneza. Fuata njia ya mafuta kutoka juu kwenda chini: kifuniko cha tangi na tundu lake la kupumulia, chujio la kidole lililo ndani ya mdomo wa tangi, vali ya kuchagulia tangi, paipu na mipira, kikombe cha kutuamisha maji kilicho kwenye ukuta wa injini, chujio dogo la kuingilia kabureta, halafu kabureta yenyewe. Hapa Pwani shida nyingi hukutwa kabla hujafika kwenye kikombe: hewa haikuingia tangini, maji yaliingia, au mpira umechoka kwa ndani.

Jambo moja la kufanya kabla ya kushika spana: andika ni lini hasa injini ilisumbua. Ilikuwa inapanda au inashuka? Tangi gani? Dakika ya ngapi? Throtli (wenzo wa nguvu ya injini) ilikuwa wapi? Majibu hayo manne huokoa nusu siku ya kufunguafungua.

Nitajuaje kama ni mafuta au ni umeme wa plagi?

Hitilafu ya magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi) au plagi kwa kawaida huja ghafla, na huonekana ukijaribu magneto moja moja: upande mmoja unashusha mizunguko kupita kiasi, au injini inatetemeka. Ya mafuta hupanda na kushuka. Injini inafifia, inarudi, inafifia tena.

Kuna kipimo kimoja kizuri. Ndege ikiwa chini, imefungwa na kuwekewa vigingi, injini inakatakata, vuta praima (pampu ndogo ya mkono ya kuipa injini mafuta ya kuwashia) na uisukume polepole. Injini ikitulia wakati wa kusukuma, basi ilikuwa na njaa ya mafuta au inavuta hewa ya pembeni. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, mafuta yalikuwa tayari mengi mno.

Hewa ya pembeni ina tabia yake: injini inasumbua ikiwa polepole na inatulia ukiongeza nguvu. Kwenye injini ndogo za Continental tazama mipira mifupi na vibano vinavyounga paipu za kuingizia hewa kwenye silinda. Doa la samawati hapo linakuonyesha penyewe.

Injini inazima kama dakika 15 baada ya kupaa. Nikitua na kungoja kidogo, inawaka kama kawaida. Hii ni nini?

Tangi linakosa hewa. Mafuta yanapotoka lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Isipoingia, tangi linaanza kunyonya kinyume, mkondo unapungua, na kabureta inamaliza akiba iliyo kwenye bakuli lake. Ukizima, hewa inapenya kidogo kidogo, kila kitu kinarudi sawa, na fundi anakuambia hajaona kosa.

Mhalifu wa kwanza hapa Pwani ni nyigu wa udongo. Tundu la milimita chache chini ya bawa ni nyumba iliyojengwa tayari. Yeye analeta mlango tu. Ndege iliyolala wiki moja kwenye banda la makuti inatosha. Ingiza kipande cha waya laini kwenye mdomo wa tundu na ukitoe: kikija na vumbi jekundu au udongo mkavu, umempata. Usiusukume udongo ndani. Ukwangue nje, kisha tangi likiwa limefunguliwa kifuniko, puliza kwa mdomo kupitia mpira safi na umwambie mwenzako asikilize kwenye mdomo wa tangi. Hewa ya kompresa marufuku. Tangi la bati la miaka ya 1940 linaweza kuvimba au kupasuka kwenye mishono.

Mhalifu wa pili ni kifuniko kisicho chake. Kwenye J-3, hewa huingia kupitia kifuniko chenyewe, pale waya wa kupimia unapopita. Akija mtu akaweka kifuniko kizuri kinachobana sawasawa kisichokuwa na tundu, ameziba pumzi ya injini. Dalili ni ile sauti ya "fyuu" unapofungua kifuniko baada ya kutua.

Ndege ikilala, ziba tundu kwa kizibo chenye utepe mwekundu mrefu unaoonekana kutoka mbali. Usishone wavu mwembamba wa mbu moja kwa moja juu ya tundu bila kumuuliza injinia: wavu unashika chumvi na vumbi, nao unaziba vilevile.

Mkondo wa mafuta unapimwaje?

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Kanuni ya mfumo wa mteremko ni kwamba mafuta yafike kwenye kabureta kwa angalau asilimia 150 ya yale ambayo injini inayala wakati wa kupaa. Kama kitabu chako hakitoi kiasi, fanya hesabu ya kukadiria: chukua robo kilo ya mafuta kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa, na lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 hivi. Injini ya nguvu-farasi 65 inapata lita 22.6 kwa saa. Zidisha mara moja na nusu: karibu lita 34 kwa saa, yaani kama mililita 570 kwa dakika. Kwa hesabu hiyohiyo Continental C-85 inataka kama mililita 740, na O-200 ya nguvu-farasi 100 kama mililita 870.

Kazi ifanyiwe nje, penye upepo, swichi zote zimezimwa, kizima moto kiko wazi karibu, na chombo cha chuma kimeunganishwa na ndege kwa waya. Pua iwe juu kama wakati wa kupanda. Ndege yenye gurudumu la mkia tayari imekaa hivyo. Tangi liwe na mafuta machache, maana likijaa uzito wa mafuta unakudanganya. Injinia anafungua paipu pale inapoingia kwenye kabureta, unafungua vali, unapima mafuta ya dakika moja ukitazama saa. Rudia mara tatu, halafu acha yatiririke dakika tano zaidi.

Mara ya kwanza pima kifuniko kikiwa kimefungwa. Watu hukiacha wazi kwa sababu ndipo wanapochungulia, na kwa kufanya hivyo wanaficha lile kosa la tundu wanalolitafuta.

Matokeo yanasomwa hivi. Mkondo ukianza vizuri ukafifia baada ya dakika chache, na ukafufuka ukifungua kifuniko, ni tundu la hewa. Ukiwa hafifu tangu mwanzo na kifuniko hakileti tofauti, ni chujio, vali isiyofunguka hadi mwisho, au paipu iliyobonyea. Ukiwa unabadilikabadilika bila mpango, shuku mpira: utando wa ndani umebanduka, unapepea kama mlango wa pazia. Kwa nje mpira huo unaweza kuwa mzima kabisa. Jaribu kila tangi peke yake. Cessna 140 ina kushoto, kulia na kufunga, na vali yake ikilegea inaweza kuonyesha "kushoto" huku tundu limefunguka nusu.

Natoa maji kila asubuhi na kila asubuhi yapo. Yanatoka wapi?

Mara nyingi yanatoka juu. Unyevu wa hewa kugeuka maji ndani ya tangi lisilojaa huleta matone kweli, na Mombasa unyevu haukosekani, lakini ukitoa vijiko kadhaa vya maji baada ya usiku mmoja wa mvua, tafuta gasketi ya kifuniko. Mpira ukikauka unapasuka nyufa ndogo kama za kisigino, na kwenye bawa lenye bonde kuzunguka kifuniko, maji ya masika yanasimama pale yakinyonywa taratibu. Badilisha gasketi kabla ya Aprili. Usingoje Mei ikukumbushe.

Namna ya kutoa sampuli ina maana kuliko wingi wa sampuli. Baada ya kujaza mafuta ngoja angalau dakika 15 ili maji yashuke. Toa kwenye kila tangi kwanza, kisha kwenye kikombe. Ukianza na kikombe unavuta maji ya tangini yaingie kwenye paipu. Chukua kama nusu kikombe, si tone. Inua chupa mbele ya kitu cheupe: maji hukaa chini na mpaka wake unaonekana, yakitingishwa yanakimbia kama lulu. Chupa ikiwa imejaa maji matupu hutaona mpaka wowote, na hapa ndipo watu hupotea: wanaona kioevu safi, wanashukuru, wanaruka. Tazama rangi na unuse. Petroli ya 100LL ni ya samawati. Kisicho na rangi wala harufu si petroli.

Kwenye ndege ya gurudumu la mkia, maji yanaweza kujificha kwenye pembe ya nyuma ya tangi, mbali na koki ya kutolea, kisha yakasogea mbele mkia unapoinuka wakati wa kupaa. Tikisa mabawa kwa kuyainua nchani taratibu, inua mkia kwa dakika moja au mbili, ushushe, halafu toa tena. Matangi ya mpira, yaani mifuko, yana balaa lake: yakikunjamana chini, kila kunjo ni kidimbwi. Injinia aingize taa salama na kioo atazame.

Mafuta yetu yanatoka kwenye mapipa. Kuna hatari gani?

Pipa la lita 200 lililosimamishwa wima nje hukusanya mvua juu ya kifuniko chake. Mchana linapata joto na kutoa pumzi. Usiku linapoa na kuvuta, na linachovuta ni yale maji, hata kama kizibo kimekazwa. Lilaze, vizibo viwili vikiwa upande wa kulia na kushoto kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, chini ya usawa wa mafuta.

Kabla ya kutumia, lisimamishe kwa saa kadhaa, likiinamishwa kidogo. Mrija wa pampu usifike chini. Uache kama sentimita tano. Paka dawa ya kutambulia maji kwenye ncha ya kijiti na uguse chini ya pipa. Chuja. Unganisha pipa, pampu, chujio na ndege kwa waya kabla ya kufungua kifuniko, na uutoe waya mwisho. Faneli ya plastiki na jerikeni ya plastiki ziache. Petroli ikipita juu ya plastiki inazaa umeme tuli usio na njia ya kutoroka. Tone la mwisho la pipa ni la kuoshea vyuma.

Barafu kwenye kabureta, Mombasa? Kweli?

Kweli, na watu wa Pwani wako hatarini kuliko wanavyodhani kwa sababu neno lenyewe linawachekesha.

Mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta yanachukua joto, na hewa ikipita kwenye koo jembamba inapoa zaidi. Joto mle ndani linaweza kushuka zaidi ya digrii 30 za selsiasi. Asubuhi ya Julai wakati wa kusi, nje ni digrii 22 na hewa imejaa unyevu: ondoa 30 uone umefika wapi. Hatari inabaki hata nje ikiwa digrii 30 na zaidi, maadamu unyevu upo. Milimani baridi kavu ina maji machache ya kugandisha. Hapa maji yapo tele, kinachokosekana ni ubaridi, na ubaridi kabureta inautengeneza yenyewe.

Wakati mbaya zaidi ni throtli ikiwa imefungwa nusu, unaposhuka kuja kutua. Bamba la throtli likiwa karibu na ukuta, barafu kidogo tu inaziba nafasi. Kwenye ndege ya propela isiyobadilika pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko kushuka polepole bila wewe kugusa kitu. Wengi husogeza throtli mbele kidogo, inarudi, wanasahau. Dakika mbili baadaye wanasogeza tena.

Vuta joto la kabureta (wenzo unaoiletea kabureta hewa ya moto) lote, si nusu. Mizunguko itashuka zaidi, injini itatetemeka, labda ikohoe inapomeza maji ya barafu iliyoyeyuka. Usirudishe! Hapo ndipo dawa inafanya kazi. Subiri mpaka mizunguko ipande. Continental ndogo huganda kwa urahisi kuliko Lycoming nyingi, ambazo kabureta yake imefungwa kwenye bakuli la oili na hupata joto kutoka hapo.

Barafu haiachi ushahidi. Injini ikizima hewani na chini isionyeshe kosa lolote, mafuta safi, tundu safi, mkondo mzuri, hili lifikirie kwanza kabla ya kununua kabureta nyingine. Halafu mwambie injinia akague mpira na bati la kisanduku cha joto: kwenye ndege kongwe mara nyingi wenzo unakwenda lakini kipepeo cha ndani hakifungi.

Rangi ya mafuta inaniambia nini?

100LL samawati, 100 ya zamani kijani, 80 ya zamani nyekundu. Ukichanganya aina mbili rangi zinaweza kupotea. Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, haina rangi au ni ya manjano hafifu. Kosa la kuweka Jet A-1 kwenye injini ya pistoni linaua kwa sababu injini huwaka na kuruka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye paipu, halafu inaanza kugonga na kupoteza nguvu ikiwa imeshaacha ardhi. Mchanganyiko bado unaweza kuonekana wa samawati. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli inakauka haraka bila kuacha kitu, Jet A-1 inaacha duara la mafuta kama la maandazi. Simama mwenyewe wakati wa kujaza, hata kama jua ni la kaskazi.

Naweza kutia petroli ya kituo cha barabarani?

Baadhi ya injini za mgandamizo mdogo, kama A-65 na C-85, zina vibali maalumu vya kutumia petroli ya magari, lakini kibali ni cha injini pamoja na umbo la ndege, na bila karatasi hizo jibu ni hapana. Hata ukiwa nacho, petroli isiwe na pombe. Kipimo: tia maji kwenye chupa nyembamba hadi alama ya moja ya kumi, jaza petroli, tikisa, uache itulie. Mstari wa maji ukibaki palepale, hakuna pombe, ukipanda, ipo.

Pombe inakula vanishi ya boya la kizibo la geji ya mafuta, inavimbisha mipira ya zamani, na inabandua ile rangi iliyomwagwa ndani ya matangi kuziba uvujaji. Rangi hiyo ikitoka inatoka kwa maganda, kama ngozi ya kitunguu, na kazi yake inayofuata ni kuziba chujio la kidole. Isitoshe, petroli ya magari huchemka mapema. Kwenye joto la Februari mvuke unaweza kukatiza mafuta kwenye paipu inayopita karibu na ekzosi.

Kabureta inadondosha baada ya kuzima. Ni hatari?

Inategemea kiasi. Tone moja moja kwa dakika chache kwenye kabureta ya Stromberg NA-S3 ni tabia inayojulikana, na ndiyo sababu vali ya mafuta hufungwa kila ukiegesha. Likiendelea, au injini ikifoka moshi mweusi ikiwa polepole, sindano inayofunga mafuta yasiingie haikai kwenye kiti chake au boya limezama.

Takataka ndogo kama chembe ya mchanga wa Nyali inatosha kuishikilia sindano. Gonga mwili wa kabureta kidogo kwa mpini wa mbao wa bisibisi; ikikoma, takataka ndiyo hiyo, na chujio la juu yake linahitaji kufunguliwa hata hivyo. Boya la shaba litingishwe sikioni: ukisikia mafuta ndani, limetoboka. Sindano zipo za chuma, za ncha ya mpira na za plastiki ngumu. Kila aina ina kiti chake na uzito wake wa boya, kwa hivyo kubadilisha sindano peke yake ni kubahatisha. Usawa wa mafuta kwenye NA-S3 hupimwa kutoka uso wa kuungania chini hadi kwenye mafuta, inchi 13/32, kama milimita 10. Injinia authibitishe kwenye kitabu cha modeli yenyewe.

Kusukumasukuma throtli kunasaidia kuwasha?

Stromberg NA-S3 haina pampu ya kuongeza kasi, kwa hivyo unachosha mkono tu. Marvel-Schebler nyingi zinayo, na hapo kila msukumo unamwaga mafuta ambayo injini isipoyavuta yanateremka kwenye kisanduku cha hewa yakingoja cheche. Tumia praima.

Moto ukiwaka kwenye mdomo wa hewa wakati wa kuwasha, endelea kuzungusha injini ili iuvute ndani, vuta wenzo wa mchanganyiko (wa mafuta na hewa) hadi kukata, fungua throtli yote, funga vali ya mafuta. Usipozimika mara moja, toka na kizima moto.

Injini inapata mafuta mengi mno na kabureta ni nzima.

Tazama praima. Haikufungwa, au mipira yake midogo ya duara imekwisha, na injini inanyonya mafuta kupitia hapo muda wote. Sukuma ndani, zungusha, kisha jaribu kuivuta: isitoke. Imewahi kufunguliwa kabureta nzima kwa sababu ya robo mzunguko.

Ndege ilirekebishwa kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ikawa tamu. Hapa Mombasa inasita nikifungua throtli.

Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko karibu na maji. Kabureta iliyopangiwa hewa nyepesi ya Nairobi, ikishuka kwenye hewa nzito ya Pwani inakuwa na mafuta pungufu. Kupanga mchanganyiko wa mwendo wa polepole kurudiwe hapa, injini ikiwa moto. Ukivuta wenzo wa mchanganyiko taratibu hadi kukata, mizunguko ipande kidogo, kama 25 hadi 50, kabla ya kuanguka. Isipopanda kabisa, mafuta ni pungufu. Safari ya kinyume ina kinyume chake: ukipanda kwenda Nairobi bila kupunguza mafuta, plagi zinajaa masizi makavu meusi.

Geji inasema nusu tangi. Niiamini?

Usiiamini. Boya la kizibo likinywa mafuta linakaa chini na kukuonyesha pungufu. Waya ukipinda unakwama na kukuonyesha yaliyokwisha. Tengeneza kijiti: tangi likiwa tupu, ndege imekaa kwa magurudumu yake yote, tia lita tano, chovya, kata alama, tia tano tena mpaka lijae. Kijiti ni cha ndege hiyo na tangi hilo.

Na galoni zichunguze. Tangi la J-3 ni galoni 12 za Marekani, lita 45. La Tiger Moth ni galoni 19 za Uingereza, lita 86. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza 4.546. Ukisoma ya Tiger Moth kama ya Marekani unakosea kwa lita 14.

Mpira wa mafuta wa tuktuk unaingia sawasawa. Kwani una ubaya gani?

Unaingia, ndiyo. Haukutengenezewa 100LL, wala kukaa karibu na ekzosi ukitikiswa saa nzima futi elfu tatu juu ya mikoko ya Tudor. Nunua mpira wa ndege wenye tarehe, na panga kuubadilisha kila miaka mitano. Vivyo hivyo, paipu za ndege zimepanuliwa mdomo kwa pembe ya digrii 37 na za magari 45. Ukizilazimisha zinashikana, zinavuja, kisha zinapasuka. Utepe mweupe wa mafundi bomba usikaribie mfumo wa mafuta: nyuzi zake huishia kwenye sindano ya kabureta.

Kuna doa la samawati chini ya bawa.

Ni rangi ya 100LL iliyobaki petroli ilipokauka. Lifute, weka alama kwa penseli laini ya rangi, siyo ya risasi kwani hiyo hula alumini, urudi baada ya saa 24. Doa kavu lisilokua linaweza kungoja ukaguzi. Linalolowa, au lolote lililo ndani ya chumba cha rubani au karibu na betri, haliruki.

Ndege italala miezi mitatu. Tangi lijae au liwe tupu?

Lijae, ukiacha nafasi kidogo ya mafuta kupanuka kwa joto. Tangi lililojaa halina hewa ya kutoa maji, na gasketi za zamani haziwahi kukauka. Tangi la bati lililoachwa tupu kwenye hewa ya chumvi linaanza kutu kwenye mstari wa mshono. Funga vali, toa mafuta ya kabureta, ziba tundu la hewa kwa kizibo chenye utepe mwekundu, weka gasketi mpya ya kifuniko.

Siku ya kuiamsha, toa sampuli kwenye kila koki mpaka zije safi mara mbili mfululizo, fungua kikombe usafishe chujio lake, kirudishe kwa gasketi mpya na waya wa usalama wa milimita 0.8, halafu pima mkondo kifuniko kikiwa kimefungwa. Injini ikishawaka, iache dakika kumi kwenye kila tangi ukiwa chini. Rudi kwenye kikombe uchukue sampuli ya mwisho. Mara nyingi hiyo ndiyo inayokuja na kutu.